Butoni za Kalenga

Ninyi vijana mnaofungua gari huku mkitazama video kwenye simu, mimi sina ugomvi nanyi. Mnajifunza kwa mchana mmoja mambo ambayo mimi nilifundishwa kwa kupigwa vidole. Lakini juzi mmoja wenu alipita hapa kwangu, akanikuta nimenyoosha miguu yangu iliyovimba, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama, ni kweli kazi yenu ilikuwa kusafisha butoni tu?" Hilo "tu" nimelala nalo, nimeamka nalo. Leo nalijibu.

Ndiyo, kazi yangu ilikuwa butoni. Za kushusha vioo, za taa, za redio, za feni ya hewa, kila kitu ambacho dereva anakibonyeza bila kukifikiria. Gari zinazofika hapa Kolwezi zimeshakula ujana wao kwingine. Injini inaweza kuwa nzima, lakini pale mikono inaposhika pamechoka. Kiwandani walipaka juu ya plastiki rangi laini, ukiigusa kama mpira. Gari ikishinda juani vioo vimefungwa, rangi ile inaanza kuyeyuka na kunata. Mavumbi ya barabara za mgodi nayo yanakuja kukaa juu yake. Halafu dereva anakula bukari, ugali wetu, humo humo ndani, ananawa nusu nusu, anabonyeza. Na akimwaga munkoyo, basi tena! Kinywaji chetu hicho cha mahindi ni kitamu mdomoni, lakini kinaingia kwenye swichi kikiwa maji na kukauka kikiwa gundi, na sisimizi wanakifuata hadi ndani ya mlango. Nimewahi kufungua mlango wa gari la padri nikakuta sisimizi wana parokia yao.

Kazini niliingizwa na udogo wa mikono yangu. Tata Mwansa, na "tata" kwetu ni baba, mtu wa kuheshimiwa, alikuwa fundi wa umeme wa magari nyuma ya soko la Manika, na mimi nilikuwa namuuzia maandazi. Mikono yake ilikuwa minene, ya mtu aliyeanza maisha kwa kushika sururu. Siku moja skrubu ilimdondokea nyuma ya dashibodi, akatukana kwa Kibemba, akatukana kwa Kifaransa, kisha akanigeukia na sahani yangu ya maandazi.

"Mama mudogo, leta ule mukono."

Niliingiza mkono, nikatoa skrubu. Akaniambia nikae, kuna nyingine. Nilikaa hadi nilipozeeka, maana yeye alipofariki karakana nilibaki nayo mimi. Wateja wapya walikuwa wakifika wananisalimia, wananiuliza fundi yuko wapi. Nilikuwa nawaambia amekwenda kuolewa, atarudi sasa hivi.

Tata Mwansa alikuwa mkali, na sheria yake ya kwanza hakuiruhusu ivunjwe hata na mwenye gari. Kabla ya kugusa butoni yoyote, unafungua waya wa betri, na ule ufunguo wa kufungulia, yaani spana, unautia mfukoni mwako wewe ambaye mikono yako itaingia ndani. Si mezani, si juu ya tairi. "Mukono uko ndani, ufunguo uko mu mufuko," alikuwa akisema, na asiyesikia alipigwa vidole. Alikuwa sahihi. Mwenye gari hana subira. Ukigeuka kidogo amesharudisha waya ajaribu redio, na wewe umeshika umeme.

Yeye naye alikosea, msidhani. Kunata kule kunatolewa kwa pombe kali ya duka la dawa na pamba, taratibu, ukizungusha, pamba ikichafuka unabadilisha. Petroli usiipeleke karibu, itaipasua plastiki na kula picha zote zilizochorwa juu ya butoni. Sasa wakati fulani duka la dawa lilikosa ile pombe, na tulikuwa na gari la mchungaji la kumaliza kabla ya Jumapili. Tata Mwansa akasema pombe ni pombe, akaenda kununua lutuku, ile inayopikwa vichakani na kuunguza koo. Ilisafisha vizuri sana, siwezi kuisingizia. Lakini ilikuwa imeingia kwenye sponji ya viti. Jumapili mchungaji alibeba waimbaji wake wa kike, vioo vimefungwa kwa sababu ya mavumbi, na walishuka mlangoni mwa kanisa wakinuka kama watu waliotoka matangani. Hadi leo kuna familia ambayo haijanisamehe, na mimi nilikuwa mwanafunzi tu!

Mengine ya mikono niwaachie haraka, maana najua mtauliza. Butoni usiichokonoe kwa bisibisi, chonga kijiti cha mwanzi. Ndani kuna springi ndogo kama kope. Fungulia kila kitu ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, springi ikiruka itabaki humo humo. Vile vipande vya shaba vinavyogusana vikiwa vya kijani, visugue kwa raba ya kufutia penseli ya mtoto wa shule. Tunaishi juu ya shaba sisi, milima mizima imechimbwa, na bado kipande cha shaba kisichozidi ukucha kinakuzimia taa. Picha ikifutika, ichore kwa rangi nyeupe na njiti ya meno, acha ikauke, kisha ifunike na rangi ya kucha isiyo na rangi. Hiyo ni akili yangu mwenyewe, Tata Mwansa hakuwa na kucha za kupaka.

Na jambo moja hakunifundisha mtu. Butoni zinamsema mwenye gari. Mwenye hasira, honi yake imechimbika. Mwenye wasiwasi, kitufe cha kufungia milango kimekuwa cheupe kwa kubonyezwa. Nilikuwa najivunia kusoma hayo. Ndiyo maana habari ya Kalenga inanichoma mpaka leo.

Kalenga alikuwa mume wa mdogo wangu Odile. Kwa hiyo ni mulamu wangu, shemeji, na kwetu mulamu ni mtu wa kutaniwa. Unamwita mlafi, bichwa, mwizi wa dada yangu, na yeye anakurudishia, na watu wanacheka. Ukimwonyesha heshima nyingi watu watauliza mmekosana nini. Tangu alipomposa Odile sikuwahi kumwita Kalenga kwa adabu, na yeye aliniita kila jina isipokuwa langu. Nilimpenda kama kaka wa tumbo moja.

Alikuwa na gari la Ulaya, la zamani, la kijivu, ambalo alibebea abiria kutoka Manika hadi Fungurume na Tenke. Gari lile ndilo lililosomesha watoto, kuanzia Bijou, binti yao mkubwa, hadi wadogo. Hakuwa na shamba wala duka. Siku moja alilileta karakana, amevaa miwani yake ya jua.

"Mulamu, gari yangu inanishika mukono kama bibi mwenye wivu. Butoni zote zinanata."

"Mukono muchafu ndo unashikwaka," nikamwambia. "Ungenawa ungeachiliwa."

"Fanya kazi, we mwanamuke. Jumamosi napeleka watu ba ndoa kule Tenke. Bibi-harusi atakaa mule. Nataka ikuwe mupya."

Nikaahidi itakuwa mpya. Butoni zenyewe zilikuwa nne, zimepangwa mstari mmoja chini ya redio, zote umbo moja: ya taa za mbele, ya feni, ya taa za ukungu, na ile ya hatari yenye pembetatu. Zilikuwa zimenata kweli. Lakini nilipozitoa niliona pia kwamba zimekatwakatwa kwa kisu. Moja ilikuwa na mkato kwenye ukingo, nyingine miwili, nyingine ulipita katikati, na ile ya hatari ilikuwa na tone la gundi gumu juu yake. Nikacheka peke yangu. Nikasema watoto wa Kalenga wamepata kisu.

Niliziba mikato yote. Nilisugua tone lile hadi likaisha, nikapiga msasa wa maji, nikapaka rangi nyeusi isiyong'aa, nikachora picha nyeupe pe. Ukipitisha kidole huhisi kitu. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, na nasema hivyo bila aibu.

Alipokuja kulichukua hakuangalia. Alikaa, akapitisha kidole gumba juu ya butoni moja baada ya nyingine, akarudia tena toka mwanzo. "Kazi muzuri," akasema. Hakuongeza utani wowote. Nikadhani amechoka.

Siku ya pili yake alasiri alirudi. Alisimamisha gari uani kwangu kwa breki ya ghafla, akashuka akiwa amekunja uso.

"Umeniharibia gari, mulamu."

Alinieleza. Alikuwa anatoka Tenke, amebeba abiria wanne. Walipokaribia machimbo yaliyo kando ya njia lori lilitangulia likainua mavumbi, njia ikafungika, akataka kuwasha taa. Akabonyeza, feni ikawaka. Akabonyeza tena, ikawa ile ya hatari. Lori lingine lililokuwa linakuja kutoka mbele likapiga honi karibu na uso wake, akalitupa gari pembeni. Mama mmoja aliyebeba mtoto aligonga paji la uso, damu ikatoka. Mtoto hakuumia. Kalenga alikuwa anasimulia kama mtu anayelalamikia viatu vilivyobana.

"Unirudishie zile alama," akasema. "Nilizikata mi mwenyewe. Unikatie tena, leo leo. Kesho ni Jumamosi."

Nilikuwa nimeshafungua waya wa betri, kwa mazoea tu, na ufunguo uko mfukoni mwa aproni. Nikamcheka. "Alama za nini? Picha si ziko pale, nyeupe kama meno ya mutoto! Ao hukusomaka?" Nikachomoa butoni moja, nikamwekea mbele ya uso. "Soma. Hii ni nini?"

Alivua miwani. Akaitazama. Akaisogeza kando kidogo, kama kuku anavyotazama punje.

"Taa," akasema.

Ilikuwa feni.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumtania, na kitu cha kusema nilikuwa nacho. Kikaganda. Niliona jinsi alivyokuwa anaingia kwangu siku zote hizi akishika ukingo wa mlango. Niliona miwani ya jua anayoivaa hadi ndani ya nyumba. Mimi msomaji wa butoni nilikuwa nimeshika zile nne mkononi, nikazipiga msasa.

"Tata Kalenga," nikasema.

Aligeuza kichwa kama mtu aliyepigwa kofi.

"Usiniite vile."

"Tata Kalenga, mungekufa. Mungeua yule mutoto."

"Usiniite vile, nakuomba." Akakaa kwenye ukingo wa kiti, miguu nje. "Njia naijua. Mashimo yote naijua. Katikati nakosa kidogo tu, kwa pembeni naona. Ni butoni nne, mulamu. Unikatie butoni nne, hakuna mutu atajua. Bijou iko ku université. Bale badogo biko ku masomo. Nitabalisha na nini?"

Wanangu, hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa nzito kuliko siku zote. Kisu kilikuwa mezani. Mikato ile ilikuwa kazi ya muda mfupi, na ningeifanya vizuri kuliko yake, angehisi hata kwa ukucha. Angeshukuru. Angenirudishia utani wetu palepale. Na Jumamosi bibi-harusi angekaa nyuma yake hadi Tenke.

"Hapana," nikasema. "Sitakata."

"Basi nitaenda kwa fundi mwengine."

Akavuta miguu ndani, akafunga mlango, akageuza ufunguo wa gari. Kimya. Akageuza tena. Alitegemea nini, na yeye ameshinda karakanani kwangu miaka yote hiyo? Alijua sheria ya Tata Mwansa kama ninavyoijua mimi. Nilikuwa nimesimama mbele ya gari, mkono mfukoni, nimekaza ule ufunguo wa betri hadi ukaniumiza kiganja.

"Rudisha waya."

"Sirudishe, tata."

Alinitukana. Si matusi ya mulamu, yale mengine. Kisha akashuka, akatoka uani akipitisha mkono ukutani, hadi barabarani ambapo taxi-moto, pikipiki za abiria, zinapita kwa fujo. Hapo alisimama. Nilimfuata, nikasimama kando yake, nikamshika kiwiko. Hakunisukuma na hakunitazama. Tulikwenda hadi kwake kwa miguu, kiwiko chake mkononi mwangu, na watu njiani walitusalimia wakidhani tunatoka msibani.

Odile alikuja kesho yake asubuhi. Sikuwahi kumwona mdogo wangu na uso ule.

"Umenyanganya bwana yangu mikono," akasema. "Wewe unajua maana ya mwanaume kukaa mu nyumba?"

"Odile, haoni."

"Unawaza sikujua?" Akaanza kulia, na alipolia nami nikalia. "Mi ndo nilimushikia tochi wakati alikuwa anakata zile butoni. Nilisema Mungu atabachunga tu, sawa vile anabachungaka bengine."

Watu wa harusi walipata gari lingine. Hospitali ilisema ni ugonjwa wa nyuma ya jicho, pale katikati pa kuonea, na kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Nyumba yao ilipitia njaa, sitaficha. Odile alianza kuuza unga wa mahindi mlangoni. Bijou alisimamisha masomo, na hilo aliniambia usoni kwamba ni mimi niliyelisababisha. Nililipokea. Nilifanya sawa, na kufanya sawa kulimgharimu mtoto ambaye hakukosa lolote. Mtu akiwaambia kwamba ukweli hauna bei, mwambieni aende akamwulize Bijou.

Baadaye Bijou ndiye aliyeshika usukani wa gari lile. Baba yake alimfundisha akiwa amekaa kando, kwenye uwanja wa mpira kwanza, kisha barabarani. Madereva wa Manika walicheka sana msichana kubeba abiria, wakachoka kucheka wakaanza kumpisha foleni.

Kuhusu kazi nina jambo moja tu la kuwaachia, na nalisema bila kuzungukazunguka. Ukikuta kovu kwenye kitu cha mtu, usilifute kabla hujamwuliza. Mchubuko, mkato, tone la gundi, uzi uliofungwa mahali pasipo na maana: mwulize, "Hii ni ya nini?" Uliza tu. Mara nyingi atakuambia ni watoto. Lakini atakapokawia kujibu, weka msasa chini, vuta kiti. Kijana wangu wa juzi, kazi ya butoni ilikuwa hiyo.

Kalenga hakunitania tena kwa muda mrefu. Nilikuwa nikienda kwao namsalimia, anajibu kama anavyomjibu mgeni. Halafu kulitokea msiba wa upande wetu kule Tenke, na hakukuwa na gari lingine. Bijou aliendesha. Kalenga alikaa mbele, kando yake, mimi na Odile nyuma. Tulipita yale machimbo. Yeye alikuwa ameshusha kioo, ameelekeza uso nje, akimwambia binti yake pole pole, shimo linakuja, shika kulia, na shimo linakuja kweli. Malori yalipita, mavumbi yakapanda, Bijou akawasha taa, mavumbi yakatua, akazima. Jua lilikuwa kali, barabara mbele yetu imenyooka hadi kilimani.

Kalenga alikaa wima. Akapeleka kiganja mbele ya uso wake, akakirudisha chini.

"Bijou," akasema. "Hii ni mavumbi, ao ni macho yangu?"

Niliona shingo ya yule mtoto ikikaza. Odile alinishika mkono. Bijou alipunguza mwendo kidogo, akatazama barabara tupu, akamtazama baba yake.

"Ni macho yenu, papa. Njia iko wazi."

Upepo ulikuwa unaingia dirishani.

"Basi endesha, mwana," akasema.